Binti yetu amekubaliwa Grinnell na Reed: kwa mtu wa kemia, kipi kinamfaa?

BabaMdogo_Arumeru

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba mawazo ya watu waliopita njia hii, kwa sababu hapa nyumbani tumekwisha kusema yote tunayoyajua na bado hatujaafikiana.

Binti wa marehemu kaka yangu, ambaye ninamlea tangu akiwa darasa la nne, alimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Baada ya mwaka mzima wa kuandika insha na kusubiri majibu, amekubaliwa na vyuo viwili vidogo vya Marekani: Grinnell, kilichoko Iowa, na Reed, kilichoko Portland katika jimbo la Oregon. Gharama za mwaka mmoja katika kila kimoja zinazidi dola 80,000, fedha ambazo ukoo wetu wote ukiuza mashamba hauwezi kuzifikisha, lakini vyote viwili vimempa ufadhili uliobakiza pengo tunaloweza kulibeba kwa kujibana. Barua moja imetuachia pengo kubwa kuliko nyingine kwa takriban dola 2,700 kwa mwaka. Kwa sasa sitataja ni ipi, ili maoni yenu yasianzie kwenye fedha. Anatakiwa kujibu ifikapo tarehe 1 Mei.

Vyuo hivi huitwa vya sanaa huria, na jina hilo limenisumbua. Kaka yetu mkubwa alipolisikia neno "sanaa" aliuliza kwa uchungu iweje mtoto aliyefaulu kemia na baiolojia apelekwe ng'ambo kujifunza kuchora na kucheza ngoma. Imenichukua Jumapili mbili kumweleza kwamba hilo ni jina la zamani tu, kwamba kemia, fizikia na hisabati zimo na zina maabara zake, na kwamba tofauti iko katika udogo wa chuo, katika walimu ambao karibu kazi yao yote ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, na katika desturi ya kumtaka mwanasayansi asome pia historia, lugha au falsafa kabla hajabobea. Amenyamaza, ila sidhani kama ameridhika.

Sasa nieleze binti mwenyewe anataka nini, maana swali langu linaning'inia hapo. Sisi ni watu wa Arumeru, na anayepajua atafahamu bila kuambiwa kwamba meno ya wengi wetu yana rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo katika maji ya chemchemi na visima vya pande hizi za Mlima Meru. Tangu akiwa kidato cha pili amekuwa akiuliza kwa nini kisima kimoja kina floraidi nyingi na cha jirani kina kidogo, na maji hayo yatasafishwaje kwa njia ambayo mama wa kijijini anaimudu. Insha zake zote zilihusu jambo hilo.

Kuhusu Reed, kilichonivutia ni kwamba chuo hicho chenye wanafunzi wapatao 1,400 kina kinu chake cha nyuklia cha utafiti, kilichoanza kufanya kazi mwaka 1968, na waendeshaji wake wengi ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nilidhani ninaota niliposoma hivyo. Kuhusu Grinnell, chenye wanafunzi kama 1,700, nimesoma kwamba Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi (chipu ya kompyuta) na mwasisi mwenza wa kampuni ya chipu ya Intel, alihitimu hapo mwaka 1949, na kwamba Thomas Cech, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1989, alihitimu hapo mwaka 1970. Nimesoma pia kwamba Noyce aliwahi kusimamishwa muhula mmoja kwa kuiba nguruwe wa karamu, habari ambayo sikumsimulia kaka mkubwa.

Mimi ninaegemea Reed kwa sababu ya kinu hicho. Binti kila nikimuuliza hunijibu, "Baba mdogo, vyote ni vizuri," jibu la adabu ambalo halinisaidii. Ninaomba mnieleze: mtu wa kemia aangalie nini ndani ya chuo kidogo, na je, kinu cha nyuklia ni sababu ya kutosha?

Mkemia_Mstaafu

Baba Mdogo, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu tu. Nimepima maji ya serikali kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na floraidi ya kwenu nimeipima mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai.

Nianze na kinu, kwa kuwa ndicho kimekuteka. Kinu kidogo cha utafiti kama hicho cha Reed, chenye nguvu ya kilowati 250, hakizalishi umeme wala hakikukusudiwa kuuzalisha. Kazi yake kubwa katika kemia ni kurushia sampuli nyutroni, ili atomu zilizomo zigeuke kuwa za mnururisho na kutoa miale ya gama, na kila elementi hutambulika kwa nishati ya miale yake. Njia hiyo ni nzuri mno kwa arseniki, manganizi, dhahabu na elementi nyingine nyingi zilizomo kwa kiasi kidogo sana. Lakini florini, elementi iliyomo katika floraidi, ni mkaidi katika njia hiyo, kwani isotopu yake (aina ya atomu zake) inayoundwa humo hupungua kwa nusu kila baada ya sekunde 11 hivi, kwa hiyo kabla hujaifikisha sampuli kwenye kipimo, sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta imekwisha kutoweka. Floraidi ya maji tunaipima kwa elektrodi maalumu yenye fuwele ya lanthani floraidi, tukichanganya sampuli na myeyusho wa kuidhibiti pH (kipimo cha uasidi) na kuiachia huru floraidi iliyoshikwa na alumini au chuma. Ni kifaa cha mezani, na chuo chochote kinachofundisha kemia kwa dhati hakiwezi kushindwa kuwa nacho. Kwa swali la binti yako, basi, kinu hicho ni pambo.

Nisieleweke vibaya. Mwanafunzi anayetaka kukiendesha husoma karibu mwaka mzima, kisha hutahiniwa na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia nyuklia kabla ya kupewa leseni, na kijana wa miaka 19 aliyepitia nidhamu ya namna hiyo hatazembea tena maabara maisha yake yote. Kama binti anapenda jambo hilo kwa ajili yake lenyewe, awaandikie wahusika aulize kama raia wa nje hupokewa katika mafunzo hayo. Lakini asilichague kwa sababu limemshangaza baba mdogo wake.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ninaona hakuna aliyewaambia. Swali la kisima kimoja kutofautiana na cha jirani, kwa nusu yake au zaidi, ni la jiolojia. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huwa na sodiamu na bikaboneti nyingi huku kalisi ikiwa haba. Kalisi ingekuwapo ya kutosha, ingeishika floraidi na kuituliza kama madini ya floraiti, na maji yangetoka salama zaidi. Sasa tazameni orodha za masomo: katika vyuo vyote hivi viwili, jiolojia si somo ambalo mtu anaweza kuhitimu nalo. Hilo halivifanyi vibaya, ila mjue tangu mwanzo kwamba sehemu hiyo ataijaza kwingine, ama kwa muhula mmoja wa kusoma nje ya chuo, ama baadaye katika shahada ya juu. Reed ina utaratibu wa kuunganisha masomo ya mazingira na kemia katika shahada moja, na kwa mtu mwenye swali kama lake huo ni upande wa kuangaliwa.

Nusu ya pili ya swali lake, ya kuyasafisha maji, ni kemia hasa. Kwenu hutumika mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwa moto unaodhibitiwa, na madini ya fosfeti ya kalisi yaliyobaki huinasa floraidi maji yanapopita. Ukiichoma kwa moto mdogo mno, maji yatatoka na harufu na rangi. Ukizidisha moto, uso wa mkaa unajifunga na uwezo wa kunasa unashuka. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na kukifikia katika kisima kibaya cha Arumeru si mchezo. Anayetaka kuboresha mkaa huo anahitaji vyombo vya kuchunguza fuwele na nyuso za yabisi. Kwa hiyo swali la kuviuliza vyuo halihusu tu orodha ya mashine walizo nazo. Muulizeni mwalimu wa kemia ni nani huzigusa, na mwanafunzi huanza kuzigusa mwaka wa ngapi.

Kwa upande wangu ningempeleka Reed, kwa sababu tofauti na yako. Kule kila mwanafunzi, bila kujali somo lake, lazima aandike tasnifu katika mwaka wa nne, afanye kazi kwa karibu na mwalimu mmoja mwaka mzima, kisha aitetee kwa mdomo. Vijana wengi humaliza miaka mitatu wakitafuta swali la kuandikia. Huyu wenu amelibeba tangu kidato cha pili.

Nyumbani_Kwanza

Mtanisamehe kwa kuingia kama mvua ya masika. Mtoto anataka kuchunguza maji ya Arumeru, nanyi mnampeleka Iowa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya kemia, Sokoine wana wataalamu wa udongo na maji, na Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia iko Tengeru, mwendo wa daladala moja kutoka kwenu, na imekuwa ikishughulikia floraidi hiyohiyo. Hata hizo dola za kujibana mngezitumia kumnunulia vifaa.

Dada_wa_Midwest

Baba Mdogo, shikamoo. Mimi ni Mtanzania niliyesoma kemia katika chuo kidogo cha katikati ya Marekani, si kimoja kati ya hivi viwili, na sasa ninamalizia shahada ya uzamivu (PhD). Nitaanza na kaka aliyeandika juu yangu, kwa sababu amesema jambo la maana na kuliachia njiani. Taasisi ya Tengeru hufundisha shahada za juu tu, kwa hiyo binti hawezi kuanzia pale, lakini hakuna kinachomzuia kwenda pale katika likizo zake. Hilo nitalirudia, kwa maana kwangu ndilo linaloamua.

Mambo mengi yanayosemwa kuhusu vyuo vidogo ni kweli. Hakuna wanafunzi wa uzamivu wa kupanga nao foleni ya mashine, mwalimu anakujua kwa jina, na barua ya mapendekezo inaandikwa na mtu aliyekuona ukikosea na kurekebisha. Ndiyo maana vyuo hivi viwili vimo katika kundi la vyuo ambavyo, ukilinganisha na idadi ya wanafunzi wao, hutoa watu wengi mno wanaoendelea hadi uzamivu wa sayansi. Lakini udogo una upande wake wa pili, ambao vipeperushi haviutaji. Idara yenye walimu wachache haiwezi kufundisha kozi zote za juu kila mwaka. Mimi nilisubiri kozi ya juu ya kemia isokaboni tangu mwaka wa pili; ilipofika zamu yake, mwalimu aliyekuwa akiifundisha alikuwa katika likizo yake ya utafiti na kozi ikaahirishwa, nami nikahitimu bila kuisoma. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu niliusoma usiku, nikifukuzana na wenzangu waliotoka vyuo vikubwa. Kwa hiyo binti achukue orodha za kozi zilizofundishwa kweli katika miaka mitatu iliyopita, si orodha ya kozi zilizomo katika kitabu cha chuo, na ahesabu ni mara ngapi kila kozi ya juu ya kemia ilitolewa.

Sasa nifike kwenye likizo. Mwanasayansi wa shahada ya kwanza hatengenezwi darasani. Hutengenezwa katika yale majuma kumi ya kiangazi, asubuhi hadi jioni maabara, akiharibu majaribio na kuyarudia. Wanafunzi wa Kimarekani wana mlango mpana: programu za utafiti wa kiangazi zinazogharimiwa na Shirika la Taifa la Sayansi la nchi yao, ambazo huwalipa posho na kuwapeleka katika vyuo vikuu vikubwa. Mlango huo kwa mwenye viza ya mwanafunzi umefungwa, kwa sababu posho hizo hutolewa kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Nililijua hilo nikiwa tayari nimejaza fomu tatu, na nililia chooni ili mwenzangu wa chumbani asinisikie.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa kutoka kwetu anategemea fedha za chuo chake mwenyewe, na hapo vyuo vinavyofanana kwa sura huanza kutofautiana. Grinnell ina mfuko mkubwa sana wa akiba ukilinganisha na udogo wake, na habari ya Noyce uliyoisoma inahusika moja kwa moja: Intel ilipoanzishwa mwaka 1968, chuo kiliwekeza humo, na faida yake ni sehemu ya utajiri uliopo leo. Kina utaratibu wa mwanafunzi kufanya mradi wa utafiti wa juu chini ya mwalimu, na mwingi wa utafiti huo hufanyika kiangazi kwa posho ya chuo. Reed nayo ina fedha za utafiti wa kiangazi na za kugharimia tasnifu. Usiridhike na mimi wala na tovuti. Aandike kwa kila idara ya kemia maswali haya: kiangazi kilichopita wanafunzi wangapi wa kemia walilipwa na chuo, wangapi kati yao walikuwa raia wa nje, na je, mwanafunzi anaweza kuitumia posho hiyo akiwa Tengeru na sampuli zake za Arumeru? Chuo kitakachojibu swali hilo la mwisho kwa "ndiyo" kimempa Nelson Mandela na Marekani kwa pamoja, na kaka wa juu atakuwa amepata alichotaka.

Kuhusu tabia ya vyuo vyenyewe, havifanani hata kidogo, na hapa ninamwangalia mtoto badala ya mashine. Grinnell inalazimisha kitu kimoja tu, semina ya kuandika na kujadili ya muhula wa kwanza, na yaliyobaki unayapanga na mshauri wako wa masomo, ukitimiza masharti ya somo ulilochagua. Ni uhuru mzuri kwa anayejua anakokwenda, na ni mtego kwa anayekwepa anachokiogopa, kwa kuwa unaweza kuhitimu ukiwa umekimbia takwimu kabisa. Hapo baiolojia ya mwanzo hufundishwa kwa kumtupa mwanafunzi kwenye swali la utafiti tangu muhula wa kwanza wa somo hilo, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka PCB ya kukariri litamshtua, kisha litamkomboa. Reed ni kinyume. Mwaka wa kwanza wote husoma kozi ndefu ya maandiko ya kale na jamii zilizofuata, kurasa kwa mamia, na mwisho wa mwaka wa tatu kuna mtihani wa idara ambao lazima uupite ndipo uruhusiwe kuanza tasnifu.

Halafu kuna jambo la alama. Reed huziandika alama katika kumbukumbu zake, lakini kwa kawaida haimtangazii mwanafunzi, isipokuwa zikiwa mbaya. Humrudishia maoni ya mwalimu. Fikirini mtoto aliyezoea kubandikiwa matokeo ubaoni na kuambiwa mbele ya wazazi yeye ni wa ngapi. Kuna atakayepumua, na kuna atakayekosa usingizi miaka minne. Binti wenu ni yupi? Hilo mnalijua ninyi.

Baridi siisemi sana. Iowa, Januari, kipimo hushuka chini ya nyuzi 20 hasi, na koti la kweli linunuliwe kulekule, si Kariakoo. Portland ni mvua ya manyunyu kuanzia vuli hadi masika, na ni jiji lenye mabasi na uwanja wa ndege. Grinnell ni mji wa watu wasiofika 10,000, Usa River ina watu wengi zaidi, na uwanja wa ndege wa Des Moines uko karibu mwendo wa saa moja kwa gari, gari ambalo yeye hatakuwa nalo.

Mimi ningempeleka Grinnell, ila maswali ya likizo yatangulie.

BabaMdogo_Arumeru

Marahaba, mwanangu, na pole kwa machozi hayo ya chooni. Mzee Mkemia, nina miaka 52, kwa hiyo nadhani shikamoo ni zako. Nimemwonyesha binti kila kitu, na kwa mara ya kwanza nimemwona akitoa daftari.

Swali moja lililobaki linatoka kwa bibi yake, ambaye anasema kama ni miaka minne Marekani basi arudi akiwa daktari wa hospitali. Je, inawezekana kupitia vyuo hivi?

Mama_Tabibu_Mombasa

Baba Mdogo, mwambie bibi polepole, lakini mwambie leo. Marekani udaktari hausomwi baada ya sekondari kama kwetu; husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka mingine minne, na vyuo vingi vya udaktari vya huko havipokei kabisa raia wa nje, na vinavyopokea huchukua wachache na mara nyingi hutaka uthibitisho wa fedha nyingi mno. Dada yangu mdogo alikwenda na matumaini hayo, akahitimu baiolojia vizuri, akarudi Kenya kuanza udaktari upya akiwa na miaka 24. Hajutii, lakini mama yetu alijua habari hiyo akiwa uwanja wa ndege, na haikuwa vyema.

Uzamivu wa kemia ni tofauti. Pale kwa kawaida mwanafunzi hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, na anaweza kuingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Mpangieni kwa njia hiyo. Na kwa kuwa ninyi ni Watanzania, akirudi na cheti chake atahitaji kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, kwa hiyo kila karatasi ya matokeo aitunze tangu mwaka wa kwanza.

Mkemia_Mstaafu

Nimesoma aliyoyaandika huyo binti wa Midwest, na kuhusu fedha za kiangazi ninamwachia uwanja. Sikuyajua hayo. Kuhusu tasnifu bado nina msimamo wangu: mradi wa hiari unaweza kukwepwa, na tasnifu ya lazima haikwepeki.

Ila nina swali kwa binti mwenyewe. Umesema insha zake zote zilihusu maji ya kwenu, kwa hiyo nina hakika amekusanya sampuli. Alizihifadhi katika chupa za namna gani?

BabaMdogo_Arumeru

Mzee, umetugusa pabaya. Nimemwita, na amekiri kwamba sampuli zote 14 zimo katika chupa za kioo za soda, alizoziosha kwa sabuni na kuzipanga chini ya kitanda tangu mwaka jana. Amesoma jibu lako la kwanza mara tatu, na hili la pili hajataka kulisoma mbele yangu.

Maswali ya likizo aliyatuma kwa idara zote mbili za kemia wiki iliyopita kwa maneno yake mwenyewe, na majibu ya pande zote yalikuja kwa heshima na kwa urefu. Ameamua kwenda Grinnell. Nilipomuuliza sababu, kwa mara ya kwanza hakuniambia kwamba vyote ni vizuri. Alisema kwamba tasnifu ataiandika hata asipolazimishwa, lakini mwaka mzima wa kutoijua alama yake asingeuweza, na akaongeza kwamba baba mdogo ameuza ng'ombe wa kutosha. Sasa ninaweza kusema kwamba pengo dogo lilikuwa la Grinnell, na kwa miaka minne tofauti hiyo inafika dola 10,800. Kile kinu nitabaki nikikiota mwenyewe.

Mkemia_Mstaafu

Sabuni nayo, jamani. Mwambie asifadhaike, mimi mwenyewe nilianza hivyo. Kioo na floraidi huweza kuingiliana, hasa maji yakiwa na asidi, ndiyo maana maabara hutumia chupa za plastiki zenye vifuniko vya plastiki. Azioshe kwa maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa), bila sabuni, kisha azisuuze mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuzijaza. Aandike tarehe, saa na kina cha kisima. Akipata pH mita ya kuazima shuleni, apime papo hapo, asingoje kufika nyumbani.

BabaMdogo_Arumeru

Amekwisha kuondoka, mzee. Amepanda gari la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Ngare Nanyuki akiwa na chupa za plastiki kwenye gunia na mdogo wake wa kumbebea. Fomu ya chuo ataijaza akirudi.